Upepo wa Mbisho

Mabaharia wa pwani wana maneno ya upepo ambayo sisi walimu wa bara aghalabu huyafundisha ubaoni tu: joshini, upande utokako upepo, demani, upande uliokingika, na mbisho, upepo ukupigao usoni. Maana yake kamili tulikuja kuipata mbali na bahari, juu ya baiskeli, katika jangwa la kaskazini mwa Kenya.

Tulikuwa walimu wanne kutoka Uganda. Tulishika njia ya Laisamis kwenda Sarima, kusini-mashariki ya Ziwa Turkana: njia ya changarawe ya kilomita zipatazo 200, yenye magari machache na vilima vingi. Upepo wa huko una sababu yake. Hewa itokayo Bahari ya Hindi hubanwa baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ikaenda kasi kama maji mferejini. Wataalamu Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo mwaka 1982. Na tangu 2018 mitambo 365 iliyosimikwa huko huugeuza kuwa umeme.

Wakati wa kwenda, upepo ulitusukuma mgongoni. Tulipanda vilima tukiimba, kila mmoja akijiona kijana. Upepo wa nyuma hausikiki; hukusaidia kimya kimya, nawe ukadhani nguvu ni zako.

Kurudi ndiko kulikotufundisha. Mwendeshaji aendaye kilomita 15 kwa saa, akikabili upepo wa kilomita 30, hupasua hewa kana kwamba anakwenda 45. Na ukinzani wa hewa huongezeka, si mara tatu, bali mara tisa. Hata mteremkoni ilitubidi kukanyaga. Tena upepo ule huvuma zaidi usiku na alfajiri, ukapungua alasiri. Basi ilitupasa kuchagua: ubaridi wa asubuhi pamoja na mbisho, au utulivu wa mchana pamoja na jua kali. Tulichagua asubuhi, kwa kuwa maji yetu yalikuwa ya kuhesabu.

Mwenzetu aliyetuzidi umri akaanza kubaki nyuma. Alitutaka tumtangulie, naye angetufuata polepole. Tulikataa. Tulijipanga mstari mmoja, gurudumu karibu na gurudumu. Wa mbele aliupokea upepo kwa muda wa dakika kumi, kisha akarudi nyuma, mwingine akashika zamu. Mzee wetu hakupewa zamu. Tulimweka demani kutwa. Mwendo ukawa kama wa mtu atembeaye kwa miguu, lakini ulikuwa mwendo wa wote wanne, na jioni tulifika kisimani chupa zikingali na maji.

Darasani mwetu wamo wanafunzi waliolelewa kwa Kiswahili. Hao wana upepo mgongoni, wala hawaujui. Wengine hukijia kikiwa lugha yao ya tatu au ya nne, nao huenda kwa mbisho tangu siku ya kwanza. Tusiwapime kwa mwendo mmoja. Hao wa pili ndio wanaotuhitaji tukae joshini.