Takriri Isiyo na Tija: Jioni Moja ya Muziki wa Kiminimali Sigalagala

Makala haya si utafiti. Sikusambaza hojaji wala sikuteua sampuli. Nilitundika shuka jeupe ukutani mwa nyumba ya kaka yangu huko Sigalagala, nikawaonyesha jamaa na majirani filamu, kisha nikasikiliza waliyoyasema. Iwapo msomaji ataona kuwa huu ni msingi mwembamba mno wa kujengea hoja katika jarida la uhakiki, simlaumu. Ninamwomba tu avumilie, kwa kuwa kilichonisukuma kuandika si filamu yenyewe bali ni maneno manne ambayo miaka kadhaa iliyopita niliyaandika kwa wino mwekundu pambizoni mwa kazi ya mwanafunzi wangu, na ambayo tangu jioni ile yamekataa kunitoka moyoni. Maneno hayo ndiyo niliyoyafanya anwani.

Sigalagala iko kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega, karibu na Khayega, katika nchi ya Waisukha na Waidakho. Wageni wengi huijua kwa sababu ya chuo chake cha ufundi. Sisi wenyeji huihusisha pia na mambo mengine mawili: ngoma ya isukuti na dhahabu. Mapema katika miaka ya 1930 wazungu walimiminika Kakamega kutafuta madini hayo, na sheria ya ardhi ya wenyeji iliyopitishwa 1930 ikarekebishwa 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa ajili ya migodi bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Kampuni kubwa zilikwisha kuondoka. Mashimo yalibaki, na hadi leo vijana na akina mama wa Ikolomani huchimba, husaga mawe na kuosha mchanga kwa mikono. Binamu yangu ni mmoja wao.

Filamu niliyoichagua ni Powaqqatsi ya Godfrey Reggio, iliyotoka 1988, na ambayo muziki wake ulitungwa na Philip Glass. Haina mazungumzo wala msimulizi. Inaanzia katika mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada nchini Brazili: umati wa wanaume waliotapakaa tope wanapanda mteremko na magunia mabegani, mmoja nyuma ya mwingine, na muziki wa ngoma na tarumbeta unawasindikiza kwa mapigo yaleyale, yakirudi na kurudi. Mwishoni mwa sehemu hiyo mtu mmoja asiyejiweza anabebwa na wenzake. Nilidhani nimechagua vyema. Nilitaka kuona watu waliozaliwa juu ya dhahabu na ndani ya ngoma watasemaje juu ya dhahabu na ngoma za wengine.

Muziki huu ambao wataalamu huuita wa kiminimali ulichipuka Marekani katika miaka ya 1960, mikononi mwa akina La Monte Young, Terry Riley, Steve Reich na Glass mwenyewe. Mtunzi huchukua kipande kidogo cha sauti, aghalabu noti chache tu, akakirudia mara nyingi mno huku akikibadilisha polepole kiasi kwamba msikilizaji hutambua mabadiliko baada ya kuwa yamekwisha kutokea. Tangu mwanzo umegawanya watu. Mnamo Januari 1973, kazi ya Reich iitwayo Four Organs, iliyotungwa kwa vinanda vinne vya umeme na kayamba, ilipigwa katika ukumbi wa Carnegie jijini New York. Kazi nzima ni mkusanyiko mmoja wa noti unaorefushwa kidogo kidogo. Hadhira ilizomea kiasi cha wapigaji kushindwa kusikilizana, na inasimuliwa kwamba bibi mmoja alienda mbele akagonga ukingo wa jukwaa kwa kiatu, akitaka wakome. Wengine walishangilia. Jambo ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba bibi yule, kwa kugonga kwake, alikuwa ameingia ngomani bila kukusudia.

Sigalagala hapakuwa na kiatu. Palikuwa na adabu, ambayo ni ngumu zaidi kuifasiri. Wa kwanza kusema alikuwa kijana anayesomea umeme chuoni na aliyepanga chumba kwa kaka yangu. Alisema muziki huo ulimkumbusha ule ambao mtu huchezewa simuni anapoambiwa asubiri kuhudumiwa. Tulicheka, nami nikaandika. Mwenzake, msichana wa kozi ya upishi, alisema yeye alikuwa karibu kulia na hakujua analilia nini. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha kwaya za shule kwa miaka mingi, aliutetea muziki kwa bidii: alikuwa amehesabu mapigo, akagundua mahali ambapo hesabu ilibadilika, akatuonyesha kwa kupiga paja. Shangazi yangu aliuliza swali moja tu kuhusu wale watu wa magunia: "Hawa wote hawana wenyewe?" Kisha akainuka kwenda kutazama maziwa jikoni.

Binamu yangu alinyamaza muda mrefu. Nilipomwelekea alisema, "Dada, huo muziki hauchoki. Sisi tukibeba, tunachoka."

Hapo nilipaswa kufunga daftari, kwa maana alikuwa amesema kwa sentensi mbili jambo ambalo wahakiki wa filamu hiyo wamelijadili kwa kurasa nyingi, yaani kwamba picha hizo huyageuza mateso kuwa pambo. Lakini hoja yake ilikuwa mahususi zaidi ya ile ya wahakiki. Hakulalamika kwamba muziki ulirudiarudia. Nyimbo za kazi anazozijua yeye nazo hurudiarudia. Alilalamika kwamba urudiaji huu haukuwa na pahali pa kupumulia. Wimbo wa kazi huachia pengo ili pumzi ipite na mzigo uhamishwe bega, na pengo hilo limekatwa kwa kipimo cha mwili wa mbebaji. Wale wa Serra Pelada walikuwa wakipanda kwa mwendo mmoja na muziki ukienda kwa mwendo wake, nao haukuwahi kuwatazama miguu.

Mjomba wangu ndiye aliyeniuliza swali lililoniumiza. Alikuwa mpigaji wa isukuti tangu ujana wake. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, vidole vikitembea juu ya goti, kisha akauliza: "Mpwa wangu, huyu mpigaji anamngoja nani?"

Nilimjibu kisomi. Nilimweleza kwamba mapokeo haya hayakuzuka hewani. Kwamba Reich alisoma kitabu cha A. M. Jones kuhusu muziki wa Afrika kilichochapishwa 1959, na kwamba 1970 alisafiri hadi Ghana kujifunza ngoma za Waewe, akakaa kama majuma matano hivi kabla ya malaria kumrudisha kwao. Nilitahadhari nisimfanye mwizi, kwa sababu kazi zake za kurudiarudia zilianza 1965, na safari ile, kwa maelezo yake mwenyewe, ilimthibitishia njia aliyokwisha kuishika. Nilimtajia pia amadinda ya Baganda, ambayo Gerhard Kubik alijifunza Kampala kwa Evaristo Muyinda: wapigaji wawili wanaketi wakitazamana, kila mmoja akipiga noti zake katikati ya noti za mwenzake, na kutokana na msokotano huo sikio husikia tuni ambazo hakuna kati yao anayezipiga. Mjomba alisikiliza kwa heshima ile ambayo wazee humpa mtoto aliyesoma sana. Kisha akarudia swali lake.

Isukuti, kwa wasioijua, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisaidiwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Kiongozi huimba, wanaume na wanawake hupanga safu zao, na mapigo hujirudia kwa muda ambao msikilizaji wa ukumbini New York angevua viatu vyote viwili. Huchezwa mtoto azaliwapo, katika tohara, arusini, mazishini, na uwanjani timu ya AFC Leopards ichezapo. Mnamo 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Tangu hapo, na hata kabla ya hapo, tumeizoea isukuti ya dakika tano inayopokea wanasiasa: inaanza, inakatwa, mgeni anapunga mkono. Mjomba aliichukia hiyo kuliko alivyouchukia muziki wa Glass.

Maelezo yake, kwa muhtasari wangu, yalikuwa haya. Mpigaji harudii kwa kuwa amekosa la kuongeza. Anarudia kwa sababu kuna mtu ambaye bado hajaingia. Anamwona pale ukingoni, mjane pengine, au mgeni, au kijana aliyekosana na nduguze. Anapiga lilelile hadi mabega ya mtu huyo yaanze kujibu, na hapo ndipo ngoma ya kati hugeuka. Kama hakuna anayengojwa, alisema, basi hiyo ni mashine ya kusaga.

Sikubaliani naye kikamilifu. Msichana wa upishi aliyekaribia kulia alikuwa amengojwa na kitu fulani, hata kama mtunzi hakumwona. Na mwalimu mstaafu aliingia kwa mlango wa hesabu, mlango ambao hata isukuti inao. Hata hivyo nilirudi Nairobi na swali la mjomba likiwa limenikaa, na nikaanza kulielekeza mahali ambapo yeye hakulielekeza.

Sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumeifanyia takriri dhuluma. Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili kazi ya takriri katika shairi, naye atakujibu kabla hujamaliza: "Kusisitiza." Ndivyo tulivyomfundisha, na ndivyo mwongozo wa kusahihishia unavyodai. Ilhali tunao utendi, ambao kina cha mshororo wa nne hakibadiliki toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unashikilia kina kimoja kwa beti zaidi ya elfu moja. Je, kina hicho kinasisitiza nini? Hakisisitizi chochote. Kinangoja. Kila ubeti unatoka, unazunguka katika vita na safari, na msikilizaji anajua pa kukutana nao tena. Kwa upande mwingine, Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, baadhi ya washairi wa jadi waliyakataa mashairi yake kwa kuwa hayana vina wala mizani, na wengi wetu tuliokuja baadaye tukachukua upande wa Kezilahabi kwa shauku kiasi cha kuanza kuuona kila mwangwi kuwa uzembe. Ninasema wengi wetu, lakini ninajisema mimi.

Mwanafunzi wangu aliniletea diwani ya mashairi huru kama sehemu ya mahitaji ya shahada yake ya uzamili. Shairi lake refu kuliko yote lilikuwa la mama anayemwita mtoto nyumbani jioni. Mshororo uleule ulirudi katika kila ubeti, na katika kila ubeti neno moja tu lilibadilika. Niliandika yale maneno manne. Chini yake niliongeza pendekezo kwamba beti kumi na moja zifutwe. Alizifuta. Alipata alama ya kutosha kupita na isiyotosha kuendelea, akaenda kufundisha shule ya upili.

Mjomba alifariki mwaka uliofuata ile filamu. Mazishini isukuti ilipigwa na wanafunzi wake, mchana kutwa na sehemu ya usiku. Nilisimama ukingoni, simu mkononi, nikirekodi, na nilikuwa nikihesabu. Nilijisikia nikihesabu, kama mwalimu mstaafu, na nikajua pia kwamba ni mimi niliyekuwa nikitazamwa na mpigaji wa ngoma ya kati. Hakuharakisha. Alipiga lilelile. Sijui ilichukua muda gani, kwa sababu rekodi yangu inaishia pale shangazi aliponishika kiwiko na simu ikaingia mfukoni. Nilichoweza kukigundua kabla ya kuacha kugundua ni kwamba katikati ya ngoma tatu nilikuwa nikisikia ya nne, ambayo haikuwapo.

Niliporudi nililitafuta faili la yule mwanafunzi. Nikalisoma shairi kwa sauti, pamoja na zile beti kumi na moja. Sitaki kujitakasa kwa kudai kwamba ni kazi kubwa isiyotambuliwa. Nusu ya diwani ni dhaifu, na kuna mashairi mawili ya kisiasa ambayo hadi leo ningeyawekea wino. Lakini lile la mama, katika ubeti wa saba au wa nane, linafanya jambo ambalo sikulisikia awali: mwitaji anaanza kujua kwamba mtoto haji, na hakuna neno lolote linalosema hivyo. Ni mwito tu, unaorudi. Beti nilizozifuta ndizo zilizokuwa zikimngoja.

Nilimpigia simu. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, Daktari," akauliza habari za idara, na nilipomtajia shairi alicheka kidogo akasema hana nakala. Kompyuta iliharibika zamani, na hata hivyo siku hizi haandiki. Nakala pekee yenye beti zote ni hii niliyo nayo, na pambizo zake zimejaa maandishi yangu mekundu. Ninaichapa upya, usiku, baada ya kusahihisha kazi za wengine. Nimefika ubeti wa tisa.