Kabla ya Kujaza Chupa ya Maji ya Kisima

Mama mmoja anayeuza mboga mahotelini ameniletea maji ya kisima kwenye chupa ya soda. Mnunuzi wake amesikia habari za PFAS, anataka uhakika. "Bwana shamba, nipimie."

PFAS ni kemikali zisizooza, zilizotumika kwenye povu la kuzimia moto wa mafuta na vikaango visivyogandisha chakula. Mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa, kwa aina mbili, PFOA na PFOS. Ni kiasi kidogo mno, hata koti la mvua la mchukuaji au utepe mweupe wa fundi bomba huweza kuharibu sampuli. Basi omba chupa maabara, na ujaze moja kwa maji safi waliyokupa, palepale kisimani. Hiyo ikikutwa na kemikali, zimetoka kwenu.

Kipimo hiki ni ghali, kwa hivyo chora kwanza: visima, makaro, jaa, mahali palipomwagwa povu, mteremko. Chukua maji juu na chini ya mahali mnapopashuku, na udongo wa hapohapo kwa vina tofauti. Huku uwandani, Jambiani na Makunduchi, jiwe la matumbawe lina mapango. Maji hupita mbio, na kisima cha mbali kinaweza kuchafuka kabla ya cha jirani.

Kama hapajamwagwa povu wala hapana jaa, mimi ningeanza na chumvi na vijidudu vya chooni. Mji Mkongwe je, kisima uani na karo pembeni?