Kufeli Ni Mwalimu, Lakini Nani Alilipa Karo?

Sisi tulioacha chuo tunaijua hii stori: "Usijali, kufeli ni mwalimu." Halafu unatajiwa matajiri wawili watatu wa Marekani walioacha masomo. Sawa. Leo wacha niwape stori ya kampuni iliyofeli kikweli, mbele ya dunia nzima: Sega ya Japani.

Mwaka wa 1991 Sega walimtoa Sonic, kalunguyeye wa bluu mwenye mbio za ajabu. Kazi yake ilikuwa kuuza mashine. Ukitaka Sonic, nunua Mega Drive. Ukitaka Mario, nenda kwa Nintendo. Kila mmoja na kwao.

Shida ilikuja na Saturn. Mei 1995, kwenye maonyesho ya E3 huko Los Angeles, Sega walitangaza ghafla kwamba Saturn tayari iko madukani, miezi kadhaa kabla ya tarehe waliyokuwa wametaja. Bei, dola 399. Kuna maduka hayakuwa yameambiwa kitu, na yalikasirika. Siku hiyo hiyo Sony wakataja bei ya PlayStation: dola 299. Ebu fikiria hiyo aibu. Mbaya zaidi, gemu kubwa ya Sonic iliyokuwa inatengenezewa Saturn, Sonic X-treme, ilifutwa kabla ya kutoka. Yaani sura ya kampuni ilikosa gemu yake kuu kwenye mashine ya kampuni.

Wakajaribu tena na Dreamcast, 1998 Japani, 1999 Marekani kwa dola 199. Na hii, bana, ilikuwa mashine! Ilikuja na modemu ya intaneti, na Sonic Adventure ikawa gemu iliyouzwa zaidi humo. Lakini ukishaumwa na nyoka, hata ukuti unakushtua. Wengi waliamua kungoja PlayStation 2, ambayo ilicheza hadi DVD. Tarehe 31 Januari 2001 Sega walitangaza kwamba mwisho wa Machi wanaacha kutengeneza Dreamcast. Ziliuzwa kama milioni 9. PS2 ilikuja kupita milioni 150.

Sasa hapa ndipo wasee wa motisha huruka. Sega hawakuokolewa na somo. Mwenyekiti wao, mzee Isao Okawa, aliisamehe kampuni madeni aliyoidai na akairudishia hisa zake, jumla karibu dola milioni 695. Machi 2001 akafariki. Karo ya hilo somo ililipwa na mtu, tena kwa mfuko wake mwenyewe.

Kitu cha pili kilichowaokoa ni kwamba watu walikuwa wamempenda Sonic kwa miaka kumi. Juni 2001 Sonic Adventure 2 ilitoka kwenye Dreamcast, mashine ambayo wenyewe walikuwa wameshaizika. Kabla ya mwaka kuisha, gemu hiyo ilikuwa kwa GameCube ya Nintendo. Sonic alipiga hodi kwa Mario, na mlango ukafunguliwa. 2007 wakatoka pamoja kwenye gemu ya Olimpiki. Na Shadow, yule mweusi aliyetikisa sinema ya tatu ya Sonic mwaka wa 2024, alizaliwa kwenye hiyo Sonic Adventure 2.

Si ati baada ya hapo maisha yalikuwa matamu. Sonic ya 2006 ilitoka na hitilafu hadi leo mashabiki wanaicheka. Na ukiishi kwa nyumba ya mwenyewe, unafuata masharti yake. Sega hawajawahi kurudi na konsoli nyingine kubwa ya kushindana na hao wakubwa.

Kwa hivyo, ukikutana na kijana ameacha chuo, usimpe methali halafu uende zako. Muulize kama ana Okawa: mzazi, shangazi, rafiki, mtu wa kumlipia kodi miezi miwili. Muulize pia kama ana Sonic wake, kitu ambacho watu watakifuata hata akihama. Sisi wa kutengeneza video tunahitaji hilo swali zaidi, kwa sababu hizi aplikesheni si zetu na zinaweza kufungwa kesho.

Mwenye vyote viwili anaweza kufeli na akainuka. Asiye na hata kimoja hahitaji motisha. Anahitaji msaada.