Kumbebea Mtu Mwenge

Katika majira ya mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa la saba, katika shule moja ya msingi huko Nyakahura, wilayani Biharamulo. Mwanachuo alikuwa akisomesha hadithi fupi ya Kiingereza. Humo mlikuwa na sentensi isemayo kwamba msichana fulani, kwa miaka mingi, "carried a torch" kwa ajili ya kijana wa jirani. Mwanachuo, bila kusita, akaandika ubaoni: "Alimbebea tochi."

Mwanafunzi mmoja wa kike akanyosha mkono. "Mwalimu, kijana huyo hakuwa na mikono?"

Darasa likacheka. Mwanachuo akadhani amedhihakiwa, akamsimamisha mtoto hadi mwisho wa kipindi. Nami, mkufunzi wake, nikaandika katika daftari langu kwamba nidhamu ilikuwa nzuri.

Maana ya nahau ile ni kumpenda mtu asiyekupenda, au aliyekwisha kukuacha, na usiweze kumtoa moyoni. Tochi ya betri haimo kabisa. Kinachotajwa ni mwenge, moto auwashao mmoja naye mwenziwe asiote. Msemo huo ulienea Marekani katika miaka ya 1920, pamoja na nyimbo za huzuni za waliopenda wasipendwe.

Lakini, ndugu mwanachuo, hata neno "mwenge" lisingetosha. Mtoto wetu anaujua Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kileleni mwa Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, nao hukimbizwa wilaya kwa wilaya, Biharamulo ikiwamo. Kwake yeye, aubebaye mwenge amepewa heshima na hupokewa kwa ngoma. Mwenge wa nahau hii hubebwa kwa siri, pengine kwa aibu.

Ingefaa kuanza na kisa. Kijana anaandika barua, hajibiwi; mwaka wa pili anaandika tena. Waulize wanafunzi: mtu huyu sisi twamsemaje? Watataja mapenzi ya upande mmoja. Mwingine atatoa neno la Kisubi au la Kihangaza, nawe usilikatae, kwa kuwa hapo maana imekwisha kufika. Ndipo uandike Kiingereza ubaoni.

Hayo nilimweleza mwanachuo jioni ile. Kesho yake alimwomba radhi mtoto mbele ya wenzake. Mimi niliyenyamaza sikusema neno. Mtoto akaitikia kwa adabu, kisha akanyosha mkono tena.

"Na yule kijana, alijua?"

Mwanachuo akafungua kitabu, akatafuta. Hadithi haikusema.