Mibuni Uani, Chai Kikombeni

Katika vihamba vya Marangu, kwenye Mlima Kilimanjaro, miaka ya 1980, nyumba iliyozungukwa na mibuni pande zote ilikunywa chai. Asubuhi chai ya maziwa, jioni chai ya maziwa, na mgeni akija sukari inaongezwa. Kahawa ilichumwa ikiwa nyekundu, ikamenywa kwa mashine ya mkono, ikalowekwa hadi utelezi ukaisha, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye vichanja vya waya, kisha ikabebwa kwa magunia hadi chama cha msingi. Kutoka hapo iliteremka Moshi kukobolewa, na habari zake zikaishia huko. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikua akiijua vizuri harufu ya maganda yanayooza nyuma ya nyumba. Ya kahawa iliyokaangwa alikuja kuijua ukubwani.

Nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Kahawa ilikuwa ada ya shule, bati la nyumba, dawa ya ng'ombe. Wamisionari Wakatoliki waliileta mlimani mwishoni mwa karne ya 19, mbegu ya aina ya Bourbon iliyotoka kisiwa cha Réunion, na Wachaga wakaifanya zao la biashara. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wao, KNCU. Ushirika mkubwa namna ile ulijengwa juu ya kinywaji ambacho wanachama wake wengi hawakukinywa.

Kahawa ya kwanza kuingia jikoni ilitoka kwenye kopo. Africafe, inayotengenezwa na kiwanda cha TANICA mjini Bukoba, ilifungiwa kabatini ikimsubiri padre, au mjomba aliyetoka Arusha. Kijiko kimoja cha unga, maziwa ya moto, vijiko vitatu vya sukari, na watoto wakagombania kulamba kijiko. Kwa Watanzania wengi wa kizazi kile, hiyo ndiyo ilikuwa kahawa. Wahaya wenyewe, wenyeji wa Bukoba mkoani Kagera, ambao kahawa ya aina ya robusta wanayo tangu kabla ya mkoloni, walikuwa na desturi ya zamani zaidi: matunda ya kahawa huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni hupewa ayatafune. Kikombe hakihusiki kabisa.

Miaka ya 1990 mwandishi alishuka Dar es Salaam kusoma, na mitaa ya Kariakoo ikamfundisha kahawa chungu. Mzee mmoja aliyeuza pembeni mwa barabara aliikaanga kwenye karai hadi ikawa nyeusi tii, akaitwanga kwenye kinu, akaichemsha na tangawizi ndani ya dele lililokaa juu ya makaa. Hakuichuja. Mashapo yalituama chini, na mkono wake ulijua kuliinamisha dele bila kuyatibua. Kikombe kidogo, kashata ya karanga, na ubishi wa Simba na Yanga usiokwisha.

Kwa ukaangaji ule, kahawa ya Kilimanjaro na ya Kagera zisingetofautiana. Moto ulikuwa umeshazifanya ndugu. Lakini mzee yule alikuwa na sharti moja ambalo mikahawa mingi yenye viyoyozi hailifuati hadi leo: alasiri alitwanga kiasi cha kuuza jioni hiyo tu. Mwandishi alipomwona anaweka kando kopo lililobaki, akamuuliza, "Mzee, hii huuzi?" Akajibiwa, "Ya jana, mwanangu, wanapewa wasioijua."

Wakati huohuo mlimani mambo yalikuwa yakiharibika. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza kahawa duniani ulivunjika mwaka 1989. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini, na kufikia 2001 bei ya dunia ilikuwa imeanguka vibaya. Majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Baba hakuing'oa ya kwake, ila aliacha kuipalilia. Kipindi hichohicho pakiti za kahawa iliyokaangwa, zenye picha ya kilele cha Kibo, zilikuwa zimepangwa kwenye supamaketi za Dar es Salaam kwa bei iliyozidi mara kadhaa alichopewa mkulima. Mwandishi alinunua moja, kwa hasira zaidi kuliko kwa kiu.

Dada yake aliyekuwa akifanya kazi nje alimletea jagi la kioo lenye chujio la kusukuma chini. Kilichotoka humo kilimshangaza. Uchungu ulikuwa mdogo, uchachu ukachangamsha ulimi, na baada ya kumeza ukabaki utamu ambao hakuna sukari iliyouweka. Akaanza kupima. Waonjaji huanzia gramu 55 hadi 60 za kahawa kwa lita moja ya maji yenye nyuzijoto kati ya 90 na 96, na hapa ndipo Marangu inapoishinda Dar es Salaam. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi karibu moja pungufu. Pwani huchemka kwa 100, kwa hiyo birika halina budi kutulia kidogo. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 huchemka karibu na 95, na mama anaweza kumimina moja kwa moja kutoka jikoni. Mlima umeshampimia.

Alijifunza pia kutia maji machache kwanza na kungoja. Kahawa iliyokaangwa karibuni huumuka na kutoa mapovu, kwa sababu hewa ya ukaa iliyonaswa ndani ya punje wakati wa kukaanga inatoka. Iliyolala dukani kwa miezi hulala vilevile hata ikimwagiwa maji ya moto.

Raha yenyewe ilianza alipopanga vikombe kadhaa mezani kwa pamoja. Hii ni kazi ya kila siku ya waonjaji wa Moshi, mji wenye makao ya Bodi ya Kahawa. Kahawa iliyosagwa humwagiwa maji ya moto kikombeni bila chujio, utando wa juu huvunjwa kwa kijiko pua ikiwa karibu kabisa, kisha kahawa huvutwa mdomoni kwa kishindo ili isambae ulimi mzima. Kwa mtu aliyelelewa na bibi mkali wa adabu za mezani, kishindo hicho ni mtihani. Watoto wake walicheka. Baadaye wakavuta kwa sauti kuliko yeye.

Vikombe vikaanza kusema. Ya Kilimanjaro ilikuwa changamfu na nyepesi. Ya Mbinga, kusini mwa nchi, ilikuwa tamu zaidi, uchachu wake mpole, na ya Mbozi ikaacha ladha iliyokaa kinywani muda mrefu. Japani, mmoja wa wateja wakubwa wa kahawa ya Tanzania, huuza hata arabika ya kusini kwa jina la Kilimanjaro. Atakayezionja bega kwa bega ataona kuwa watu wa Mbinga wamedhulumiwa. Robusta ya Kagera ilikuwa nzito, yenye uchungu wa kiume, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Mwandishi hainywi tena baada ya saa nane mchana.

Kisha rafiki akaleta kahawa ya Nyeri, Kenya. Uchachu wake wa matunda ulikaza taya, na ubishi wa ujirani ukaanza palepale mezani. Wakenya wana haki ya kuringa, ila ladha hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na aina ya SL28, ambayo Maabara ya Scott huko Kabete iliiteua miaka ya 1930 kutokana na mibuni ya Monduli, Tanganyika, iliyoonekana kustahimili ukame. Mbegu ilivuka mpaka, ikarudi na jina. Kahawa ya Burundi iliyofuata ilikuwa bora kuliko zote, hadi kikombe kimoja kilipotoa harufu ya kiazi mviringo kibichi. Kasoro hiyo inajulikana Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na inahusishwa na mdudu wa antestia anayetoboa tunda likiwa mtini. Punje moja tu huharibu birika zima. Tangu siku hiyo kahawa ya huko husagwa kwa mafungu madogo, na kila fungu hunuswa kabla ya kutiwa maji.

Herufi kwenye pakiti zilichukua muda kuzoeleka. AA ni ukubwa wa punje, zile zisizopita kwenye tundu la karibu milimita 7; hazisemi neno lolote kuhusu ladha. PB ni punje ya duara iliyokua peke yake ndani ya tunda badala ya pacha wawili. Mwandishi ameonja AA zilizochakaa na B zilizomfanya aongeze kikombe.

Kabati nalo likajaa vyombo. Birika la Moka, lililobuniwa Italia mwaka uleule wa 1933 ilipoanzishwa KNCU, hutoa kahawa kali kwa moto mdogo. Chujio la karatasi ni kazi ya Melitta Bentz wa Dresden, ambaye mwaka 1908 alianza na karatasi ya kukaushia wino ya mwanawe. AeroPress, bomba la plastiki la mwaka 2005, linafaa safarini. Vyote ni vizuri, na hakuna kinachoweza kuiokoa kahawa mbovu. Mwenye fedha ya kifaa kimoja anunue mashine ya mkono ya kusagia, yenye meno yanayoponda. Zile za visu vinavyozunguka hukatakata ovyo: vumbi linatoa uchungu, vipande vikubwa vinatoa maji matupu, na vyote vinaishia katika kikombe kimoja.

Mibuni ya Marangu imepandwa upya, baadhi yake kwa miche ya taasisi ya utafiti ya TaCRI, iliyopo Lyamungu. Kila msimu familia hubakiza kiasi cha nyumbani, kikakobolewa kwa kinu na kukaangwa kwenye chungu, kikitolewa motoni kabla hakijawa cheusi. Mama alipoonja mara ya kwanza alikaa kimya kidogo. "Kumbe hii ndiyo tuliyokuwa tunawapelekea?" Akatia maziwa na vijiko viwili vya sukari, wala hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Sehemu kubwa kabisa ya kahawa ya Tanzania bado huondoka nchini ikiwa mbichi. Iliyobaki na kukaangwa hapa hufika madukani katika pakiti ambazo nyingi zina tarehe ya mwisho wa matumizi lakini hazina tarehe ya kukaangwa. Msomaji aulize hiyo ya pili, na anunue punje nzima. Muuzaji akikosa jibu, msomaji amtafute jirani mwenye karai.