Kikapu kwenye uga wa mtama

Mwaka 1989 hapakuwa na kijana wa Ilongero, Singida, niliyemjua aliyewahi kuona mpira wa kikapu ukichezwa. Tanzania Bara ilikuwa bado haina televisheni. Ilikuja mwaka 1994. Redio tulikuwa nayo, lakini Radio Tanzania ilitutangazia Simba na Yanga. Kwa hiyo mwalimu mgeni aliposhuka kwenye lori na mpira wa rangi ya matofali kwapani, watoto waliomzunguka walijua ni mpira wa miguu, ila umepauka. Wa kwanza kuupiga teke alirudi anachechemea.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia. Sekondari zilikuwa chache mno siku hizo, na wengi wetu elimu iliishia pale. Wavulana walibaki na ng'ombe au walikimbilia mjini. Wasichana tulibaki na ndoo za maji tukisubiri posa. Kitu kimoja tulichoruhusiwa kuendelea nacho ni netiboli. Jioni moja moja tulirudi kwenye uwanja wa shule tukacheza na wadogo zetu. Mimi nilikuwa mfungaji. Ndiyo maana habari hii naijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwalimu alipotafuta mahali pa kufungia magoli, nguzo zilizokuwapo zilikuwa zetu.

Mwalimu alikuwa amepitia Jeshi la Kujenga Taifa, kama walivyopita wakati ule wote waliomaliza kidato cha sita, na kikapu alijifunzia huko kambini. Alikuja kwetu kwa adabu. "Dada zangu," alisema, "naomba mnigawie nguzo jioni, mara mbili kwa wiki." Tukamkubalia, kwa sharti kwamba na sisi tucheze.

Taabu ilikuwa kwa wavulana. Wenzao wa kabumbu waliwazomea kwamba wamehamia kwa wasichana, na kwa kweli walikuwa wamehamia. Wengine walikuja siku ya kwanza, ya pili hawakuonekana. Mwalimu hakubishana na waliobeza. Aliwakalisha waliobaki akawasimulia James Naismith, mwalimu wa viungo wa Springfield, Marekani, aliyeubuni mchezo huu Desemba 1891 kwa vikapu vya mapichi alivyovigongomelea kwenye ukumbi wa mazoezi. Na jinsi wanawake wa Uingereza walivyouchukua mchezo huohuo baada ya miaka michache, wakaupunguzia mbio na kuuongezea sheria, ndipo ikapatikana netiboli. "Hapa Ilongero wenye mchezo ni hawa," alisema akituonyesha sisi. "Ninyi ni wageni."

Basi tukafundishana. Netiboli humkataza mchezaji kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu na kutembea nao, hivyo sisi tulijua kupasiana bila kutazama mara mbili. Wavulana walijua kukimbia na kuruka tu. Kudunda mpira hakuna aliyejua isipokuwa mwalimu. Pete za mchezo huu na ule hukaa kimo kimoja, mita 3.05, lakini ya netiboli ina upana wa sentimita 38 na ya kikapu 45. Hatukuwa na pete ya kikapu wala ubao wa nyuma. Tulifungia kwenye ile nyembamba, na mpira ulipita kwa shida, ukigusa chuma tu unatoka.

Ila mpira haukudunda. Uwanja wa shule ulikuwa kichanga. Ukiupiga chini unatua palepale. Saruji haikuwa jambo la kuzungumza, ilikuwa ghali na adimu. Mwalimu alihangaika na jembe na maji kwa wiki kadhaa, na kila alichosawazisha kilipasuka jua lilipokiwakia. Aliyemwokoa ni bibi mmoja jirani wa shule, ambaye alisimama siku nyingi kando ya uzio akimtazama, kisha akamwambia, "Mwanangu, huo unaotengeneza ni uga, na uga hautengenezwi na mwanamume peke yake."

Kwetu kila kaya ilikuwa na uga wa kupuria mtama na uwele. Bibi aliita wanawake wenzake na sisi wasichana. Tulichimba udongo wa kichuguu, tukautwanga, tukaondoa mizizi na mawe kwa mkono, tukaumwagia maji na kuukanyaga mpaka ukalainika. Ukatandazwa, ukapigwa kwa vibao bapa, wanawake wakiwa wamepiga magoti safu moja, wakirudi nyuma polepole. Kisha ukafunikwa nyasi ili ukauke taratibu. Kila asubuhi bibi alifunua pembe moja akabonyeza kwa kisigino. Kisigino kikiacha alama alisema "bado," akafunika. Siku kilipogoma kuzama, tukasiriba samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, mkono wa kila mmoja ukichora nusu duara.

Tulitengeneza nusu tu. Uwanja kamili wa kikapu ni mita 28 kwa 15, na udongo wa kutosha sehemu yote ile, na magoti ya kuupiga, hatukuwa nayo. Mistari tulichora kwa majivu. Mwalimu alipodunda mpira pale kwa mara ya kwanza ukamrudia mkononi, wale wanawake walipiga vigelegele, na nadhani hiyo ndiyo siku wanaume wa kijiji walipoanza kuuliza kulikoni.

Walikuja jioni wazee watatu wanne, akiwamo baba yangu. Baba hakuzunguka. "Mwalimu, hawa vijana wakicheza, ng'ombe wanachungwa na nani?"

"Mzee, tunaanza ng'ombe wakishaingia zizini."

"Na maji?"

"Wasichana wanakuja wakishateka."

Baba aliingia katikati ya uga, akaugonga kwa fimbo, akasikiliza. "Na kazi nzuri hii, mchana kutwa inalala tu?"

Mwalimu alikosa la kusema. Baba akatazamana na wenzake. "Basi mtama wetu utapurwa hapa."

Niliogopa kwamba uwanja umekwisha. Kumbe ndipo ulipopata wenyewe. Kuanzia mwezi wa Juni, mavuno yalipoingia, kaya zilizokuwa karibu na shule zilipeana zamu. Asubuhi masuke yalimwagwa, watu wakayapiga kwa fimbo, wanawake wakapepeta, magunia yakafungwa. Jioni sisi tulifagia makapi, tukaokota punje moja moja zilizobaki na kuzipeleka kwa mwenye zamu, kisha tukacheza. Aliyeacha punje alijua hachezi kesho yake. Kadiri uga ulivyopigwa na fimbo, ndivyo ulivyozidi kukaza, na mpira ukazidi kudunda.

Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka zikaisha Aprili. Miezi hiyo hakuna aliyecheza: watu wako shambani, na uga wa udongo ukinyeshewa unarudi kuwa tope. Kila mwezi wa Mei ilibidi ujengwe upya. Wageni waliona hiyo kuwa kasoro. Mimi niliyepiga magoti miaka yote ile naona ndiyo iliyotuweka pamoja, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kusema uwanja ni wa mwalimu, wakati mke wake mwenyewe alikuwa na matope ya uwanja huo kwenye viwiko.

Mpira ndio uliotusumbua. Mbigili na miiba ya migunga haichagui. Fundi baiskeli aliuziba kwa kiraka cha tyubu. Ukashika siku mbili tatu, ukapumua. Safari hii hatukumwachia mwalimu. Kaya zilizopuria kwenye uga zilitoa kuku mmoja mmoja, na kuku wa Singida hawakosi soko Dar es Salaam. Tuliwauza kwa wachuuzi waliokuwa wakiwajaza kwenye matenga, fedha akakabidhiwa kondakta wa basi. Mpira ulichelewa mpaka wengine wakaanza kumsema vibaya kondakta wa watu, kisha ukafika, mpya, na pampu juu yake.

Tulipata kwenda kucheza Singida mjini, juu ya lori la mazao. Huko kulikuwa na uwanja wa saruji, mbao za nyuma na pete halisi. Vijana wetu waliipenda ile pete papo hapo: baada ya kuzoea sentimita 38, walifunga kutoka mbali hadi wenyeji wakanyamaza. Lakini nusu uwanja ilikuwa imewafundisha kushambulia tu. Mpira ukipotea, wao walisimama pale wakisubiri uanze upya, na wenzao walishafika upande wa pili. Walifungwa vibaya. Sisi wasichana hatukupata wa kucheza naye kikapu, tukakaribishwa netiboli, tukashinda.

Mwalimu alihamishwa miaka michache baadaye. Watu wa nje wangedhani mchezo ulikufa siku ile. Haukufa. Mei ilipofika wanawake walipiga magoti kama kawaida, kwa kuwa mtama ulikuwa shambani, na uga ukiwapo watoto watacheza. Wavulana waliofundishwa na mwalimu wakafundisha wadogo zao.

Uliokufa ulikuwa mtama. Alizeti iliingia ikala mashamba, maana ilikuwa na fedha, na maturubai yakawa rahisi kupatikana; mtu akitandika turubai nyumbani kwake hana haja ya uga wa pamoja. Mei moja walijitokeza wachache, iliyofuata hakuja mtu. Hakuna aliyegombana na yeyote.

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA na timu ya Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Ghafla kila kijana mrefu wa hapa akataka kikapu, na wakaja kuniuliza uga ulikuwa wapi. Niliwaonyesha, palikuwa na mahindi. Mkoa wetu umepata sifa yake kwingine: Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, na Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025. Kikapu cha Ilongero hakikutoa jina lolote, wala hatukukianzisha kwa ajili hiyo.

Siku hizi Ilongero ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, na vijana wenye nia njema hawakosekani. Hunijia na barua ya kuomba mipira na jezi, wakitaka niweke neno. Naweka. Lakini kwanza nawauliza uwanja wao utawafaa nini watu wasiocheza: wataanika alizeti hapo, watafanyia mikutano, wataweka mnada wa kuku? Wengi huona nazeeka. Hao wanaorudi na jibu ndio ninaowapeleka kwa wazee, kwa sababu mpira ukipasuka kuna kuku, na mwalimu akihamishwa kuna mwingine. Mtu wa kuudai uwanja kila Mei ndiye asiyenunulika.