Posa Iliyosubiri Miaka Sita



Leo siandiki habari za shela wala buibui. Nataka niwahadithie mwanamme mmoja wa Kiingereza ambaye hajanitoka akilini wiki nzima, na barua zake ndiyo sababu.

Jina lake George Biddell Airy, mwanafalaki wa zama za Malkia Victoria. Nasema mwanafalaki, si mnajimu, kwa sababu najua kuna watakaoshtuka. Hakuwa mtu wa kupiga ramli na kutazamia watu nyota zao. Kazi yake ilikuwa kupima mwendo wa nyota, mwezi na jua kwa darubini na hesabu, elimu hiyo hiyo inayotupa kalenda za nyakati za swala. Aliisimamia taasisi ya falaki ya Greenwich, London, kuanzia 1835 mpaka 1881. Tunaposema saa zetu ziko saa tatu mbele ya Greenwich, mstari tunaouhesabia ni ule uliopita kwenye darubini yake. Mataifa yaliukubali huko Washington mwaka 1884.

Lakini kabla ya ukubwa huo alikuwa kijana wa Cambridge mwenye akili nyingi na mfuko mtupu. Mwaka 1824, akiwa na miaka 23 hivi, alikwenda matembezi Derbyshire, na katika kijiji cha Edensor akamwona binti wa padri, jina lake Richarda Smith. Siku mbili tu baadaye akaposa. Siku mbili, shoga! Hata mshenga hajapata nafasi ya kuulizia ukoo.

Baba akakataa. Hakumkataa kwa ubaya: kijana hakuwa na cha kumtunzia mke. Tena mwalimu wa chuo cha Cambridge wakati ule akioa, nafasi yake ya chuoni na posho yake vinaondoka. Hapa nilimwelewa yule mzee kabisa. Walii anayeuliza binti yangu utamlisha nini hajakosea, hata kama sisi wasichana tunaliona swali hilo kama ukuta.

Airy hakununa wala hakumrubuni binti wa watu. Alirudi kutafuta riziki. Mwaka 1826 akapata uprofesa wa heshima kubwa uliolipa paundi 99 kwa mwaka, yaani heshima kubwa kuliko pesa. Mwaka 1828 akapata mwingine, akadai mshahara upandishwe mpaka ukafika paundi 500. Hapo akarudi Edensor kwa mara ya pili, akaposa, akakubaliwa. Walioana tarehe 24 Machi 1830.

Sasa tuje kwenye barua. Airy alikuwa hatupi karatasi. Kila barua iliyoingia aliiweka, na kila aliyoituma aliiwekea nakala. Zilitobolewa matundu, zikafungwa kwa uzi, zikapangwa kwa mafungu kila moja na mahali pake. Zilikuwamo za wakuu wa serikali na za watengeneza saa, na hata za watu baki wenye swali lao dogo. Wenzake walimcheka. Walisema akifutia kalamu kwenye kikaratasi, atakiandika tarehe na kukihifadhi nacho. Inasimuliwa pia kwamba alipokuta makasha matupu, aliyaandika kila moja kwa mkono wake: tupu.

Nami nilicheka. Halafu nikasoma kisa cha sayari ya Neptune, kicheko kikaisha.

Oktoba 1845 kijana John Couch Adams alipita nyumbani kwa Airy na hesabu zilizoonesha kwamba ng'ambo ya sayari zinazojulikana ipo nyingine. Hakumkuta, akaacha karatasi. Airy akamwandikia tarehe 5 Novemba kuuliza jambo moja kuhusu hesabu zile. Adams hakujibu. Miezi ikapita, na tarehe 23 Septemba 1846 wanafalaki wa Berlin wakaiona sayari hiyo kwa kufuata hesabu za Mfaransa Le Verrier. Uingereza nzima ikauliza nani kazembea, na lawama zikamwangukia Airy. Alichofanya ni kufungua mafungu yake. Novemba ile akawasomea wanafalaki wenzake barua moja baada ya nyingine, na tarehe zake. Lawama hazikwisha, maana na yeye angeweza kuuliza tena, lakini hakuna aliyeweza kusema hakuandika.

Mimi nishagombana na mteja kwa sababu ya mikono ya gauni tuliyokubaliana kwa mdomo. Yeye anasema mirefu, mimi nasema alisema robo tatu, na arusi kesho kutwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqarah, inatuamrisha kuandikiana madeni. Tunaisoma, tukifika dukani tunasema "tunaaminiana".

Kilichonigusa zaidi ni kuhusu mkewe. Mwaka 1835 waziri mkuu, Robert Peel, alimpa Airy pensheni ya paundi 300 kwa mwaka. Airy akaomba iandikwe kwa jina la Richarda. Kumbukeni nchi ile mpaka sheria za 1870 na 1882, mke akiolewa mali yake karibu yote inakuwa ya mume. Sisi mahari na mali ya mke ni yake tangu zamani, alhamdulillah, ila mwulize bibi harusi wa leo mahari yake imeandikwa wapi, uone atakavyomtazama mama yake.

Walizaa watoto tisa, wakazika watatu. Airy akisafiri hakuacha kumwandikia mkewe. Richarda alipata kiharusi mwaka 1870, akafariki 1875. Airy aliishi baada yake miaka zaidi ya kumi na sita, ndani ya nyumba yenye barua zao.

Mimi na mume wangu tulikuwa wachumba yeye akiwa Muscat. Miaka miwili ya maneno mazuri, yote kwenye simu, na simu ikaniponyoka botini nikienda Pemba. Sina hata neno moja. Nikakumbuka barua ya posa, ile iliyoletwa kwa ami ndani ya bahasha. Nimempigia shangazi. Anasema huenda imo katika sanduku la hati za shamba, chini kabisa, kama mchwa hawajaifika. Ijumaa baada ya swala nakwenda kulifungua, inshaAllah.